Sura ya Saba: Miti Yenye Adabu Mno

Karatasi ilikuwa moja tu, imechapwa vizuri, na chini kabisa paliachwa mstari mtupu ulioingoja sahihi ya Mpelelezi.

"Soma taratibu, afande," Mkurugenzi wa Misitu alisema huku akimsogezea kalamu. "Haraka hakuna. Ila Ijumaa saa nne bodi inakaa, na nisingependa jambo hili liingie mle ndani likiwa bado bichi."

Mpelelezi alisoma. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, na watu wengi walimdhania mpole. Hawakukosea. Ila upole wake ulikuwa na mfupa katikati, na waliougonga mfupa huo hawakusahau maumivu yake.

Karatasi ilisema kwamba Kitalu cha Saba cha shamba la miti kimeibiwa mitiki minene, na kwamba aliyewafungulia wezi ni mpimaji wa miti mwenye miaka thelathini na mmoja kazini. Ofisi nzima ilimwita Mzee Futi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila futi yake ya kupimia mfukoni. Futi yenyewe, ya kitambaa, imechakaa kingo, sasa ilikuwa imelala mezani ndani ya mfuko wa plastiki ulioandikwa KIELELEZO NAMBA MOJA.

"Nina siku tisa na faili hili," Mpelelezi alisema. "Bado kuna mahali sipaelewi."

Naibu Mkurugenzi, aliyekaa karibu na dirisha mguu juu ya mguu, alicheka kidogo. Alikuwa bwana mkubwa wa mwili, viatu vyake vinang'aa kama vimetoka dukani asubuhi ile.

"Dada yangu, hesabu hii hata mtoto wa darasa la nne anaimaliza. Miaka minne iliyopita niliongoza upimaji mimi mwenyewe. Mitiki ya kitalu kile ilikuwa na kipenyo cha sentimita ishirini na sita kwa wastani. Tukaipa kompyuta vipimo hivyo pamoja na vya zamani, ikapiga hesabu ya ukuaji, ikasema mwaka huu tutegemee thelathini na mbili. Mwaka huu kaenda kupima Mzee Futi. Kaleta ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Ishirini na nne! Tangu lini mti ukasinyaa? Mti umeanza lishe ya kupunguza mwili?"

Mkurugenzi alitabasamu. Mpelelezi hakutabasamu.

"Nilituma mtu mwingine akapime upya," alisema. "Naye kapata ishirini na nne."

"Lazima apate hiyo hiyo! Minene imeshabebwa, imebaki mijembamba. Na ufunguo wa geti la kitalu anakaa nao nani?"

"Mzee Futi."

"Basi."

"Na visiki vya hiyo miti iliyoibiwa?"

"Kitalu kilipunguzwa miti kihalali miaka mitatu iliyopita, kisha moto wa kuchoma magugu ukapita juu ya visiki. Makaa matupu. Nani atakuambia kisiki hiki cha halali, hiki cha mwizi?"

Mpelelezi alifunua kijitabu chake. "Kila mti wa ploti ya vipimo, ile miti ishirini inayopimwa kila mara, una kibati cha namba. Kibati namba kumi na mbili, kwenye fomu yako, kilikuwa kwenye mti wa sentimita ishirini na saba. Leo kipo kwenye mti wa ishirini na tano."

Naibu aliinua mabega. "Vibati vimehamishwa. Ukishauangusha mti, unakata waya, unachukua kibati, unakifunga kwenye mti wa jirani. Kazi ya dakika moja. Yote hayo yamo kwenye maelezo yangu."

"Na umetia sahihi?"

"Kila ukurasa."

Mpelelezi aliandika, kama alivyoandika kila kitu.

"Sisi si wakatili," Mkurugenzi alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Mzee aandike barua ya kukiri, astaafu kimya kimya. Jela haendi mtu."

"Ameshakataa."

"Atakubali. Akikaa akafikiri, atakubali."

Mpelelezi alirudisha kurasa mbili nyuma, akasoma: "'Waambieni nilipima mti. Sikupima uso wa mtu.' Hayo ndiyo majibu yake, na alisema niyaandike kama yalivyo." Aliisukuma kalamu ikavuka meza hadi ilikotoka. "Nami sitii sahihi leo. Ijumaa saa nne nitakuja."

*

Mtakwimu wa ofisi alikuwa amehamishiwa kwenye korido, kando ya mlango wa choo. Meza yake ilikuwa ya shule, ndogo, na kila aliyepita na ndoo alimwambia samahani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, miwani imeshuka puani, na kwenye skrini yake palikuwa na picha ya watoto wawili waliong'oka meno ya mbele.

"Wamekuleta huku lini?" Mpelelezi aliuliza.

"Siku moja baada ya kumwonyesha Naibu grafu hii." Aliinua mkono kabla hajaulizwa jingine. "Na kabla hujaniuliza, ndiyo. Mzee Futi ni baba mkwe wangu. Hao kwenye picha ni wajukuu zake. Na modeli, ile hesabu ya kompyuta inayotaka kumfunga, nimeitengeneza mimi, kwa vidole hivi."

"Mnazungumza?"

"Jumapili alikuja kuwaona watoto. Nilipotoka jikoni akaanza kuangalia ukuta."

"Amekukasirikia."

"Angenikasirikia ningeshukuru, afande. Ananionea haya. Anafikiri mashine yangu imeona kosa ambalo yeye mwenyewe halijui." Alipandisha miwani. "Kaa. Lakini ujue nikimaliza kusema watasema mkwe anamtetea mkwe."

"Wameshasema. Nionyeshe hivyo hivyo."

Grafu ilikuwa na mstari mmoja uliopinda kama mgongo wa kilima. Kwa chini unene wa mti, kwa pembeni urefu wake.

"Hii ni modeli ya vimo, na modeli haipimi mti," Mtakwimu alisema, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu aliyeshika kazi yake mwenyewe. "Inachukua miti mingi iliyopimwa kweli, inatafuta mwendo wao wa jumla, halafu inasema: mti wa unene huu, kwa wastani, huwa na kimo hiki. Kwa wastani! Mti mmoja mmoja una mambo yake. Huyu alinyimwa jua akiwa mdogo, yule alivunjwa kilele na upepo. Sasa tazama. Hivi ni vipimo vya baba, vya miaka minane iliyopita, alipoianzisha ile ploti."

Alibonyeza. Nukta ishirini zilitawanyika, nyingine juu ya mstari, nyingine chini, moja imejitenga peke yake kama mgeni asiyejuana na mtu kwenye harusi.

"Na hivi ni vya Naibu, miaka minne baadaye. Miti ile ile."

Alibonyeza tena. Nukta ishirini ziliangukia juu ya mstari na kutulia hapo kama shanga kwenye uzi.

Mpelelezi alisogeza uso karibu na skrini. "Hakuna hata moja iliyotoka nje."

"Hata moja. Ile iliyovunjika kilele imepona na kupanda foleni. Ni miti yenye adabu mno, afande. Mimi sijawahi kukutana nayo msituni."

"Maana yake nini?"

"Maana yake hakupima. Alikaa mahali pakavu, akachukua vipenyo vya baba, akaviongeza: huyu sentimita tano, yule saba. Hapo alijitahidi kuchanganya. Akafika kwenye vimo akachoka. Akachukua jedwali la ofisi, ambalo ndilo huu mstari, akanakili. Halafu mimi, bila kujua, nikailisha modeli ya ukuaji hizo namba. Ikaamini miti inanenepa sentimita sita kila miaka minne. Mashine haikudanganya. Ilidanganywa, ikarudia kwa uaminifu."

"Kwa hiyo miti minene iliyoibiwa..."

"Haikuwahi kuota."

Mtu alipita na ndoo. Samahani. Mtakwimu aliisogeza miguu yake bila kuangalia.

"Naibu aliniambia niifute hii grafu," alisema. "Nimeichapisha nakala sita."

*

Stoo ilikuwa chini ya ngazi, na mwenye stoo aliitwa Mama Funguo kwa sababu alizivaa kiunoni, nyingi kiasi kwamba ulimsikia kabla hujamwona. Mpelelezi alimkuta akimenya chungwa juu ya daftari kubwa lenye jalada gumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya Futi?"

"Nimekuja kuona vifaa alivyochukua Naibu miaka minne iliyopita, mwezi wa sita, alipokwenda kupima."

Mama Funguo alifuta vidole, akafunua kurasa. "Mwezi wa sita. Haya. Futi mbili. Rangi debe moja. Mapanga manne. Buti jozi sita, zilirudi tano. Bastola hakuchukua."

Kalamu ya Mpelelezi ilisimama. "Bastola?"

"Hakuchukua. Ilikuwa mbovu."

"Mama, hii ofisi ina bastola?"

"Tunayo moja. Zamani zilikuwa mbili, moja ikatumbukizwa mtoni na mlevi mmoja."

"Na iliyobaki iko wapi sasa hivi?"

"Hiyo hapo nyuma yako. Kwenye rafu, kando ya birika."

Mpelelezi aligeuka polepole, kama mtu aliyeambiwa ana nyoka begani. Siku tisa za faili zilipita kichwani: silaha, wezi wa magogo, kitu ambacho hakuna aliyemtajia. Kwenye rafu palikuwa na chombo cha chuma chenye mpini wa kushikia, kifyatuo, na uso wa mviringo wenye mshale kama wa saa.

"Unasimama mbali na mti umepima hatua zako," Mama Funguo alisema, mdomo umejaa chungwa. "Unalenga kilele, unafyatua. Unalenga shina, unafyatua. Inakuambia mti una mita ngapi." Alimtazama usoni, akaelewa, na funguo zote kiunoni zikaanza kulia kwa kicheko. "Ee mwanangu! Ulidhani tunaipiga miti risasi?"

Mpelelezi alicheka pia, mpaka akafuta macho. Kisha kicheko kikamkatika.

"Umesema ilikuwa mbovu."

"Jisomee. Imekwenda kwa fundi mwezi wa tatu. Imerudi mwezi wa kumi. Fundi huyu hapa kasaini, na mimi huyu hapa."

"Na Naibu kapima vimo vya miti mwezi wa sita."

"Kapima na nini?"

"Ndilo swali langu. Kuna njia nyingine?"

"Kuupanda mti ukiwa na kamba." Mama Funguo alitema mbegu kwenye kiganja. "Umemwona Naibu? Yule hata ngazi hizi za juu yangu anazipanda kwa mapumziko."

Mpelelezi aliichukua bastola mkononi, akaugeuza ule uso kwenye mwanga. Alama zake zilikwenda kwa nusu mita, nusu mita. Chombo hakikuweza kusema zaidi ya hapo. Kwenye fomu ya Naibu, mti wa kwanza ulikuwa na mita kumi na nane nukta tatu saba.

"Naomba kulichukua daftari hili."

"Kulichukua halitoki. Nakala utapata, na muhuri nitakugongea." Mama Funguo alifuta muhuri kwa khanga yake. "Na kama Ijumaa wakikuuliza nani kakupa, usinifiche. Nimechoka kujificha chini ya ngazi."

*

Lakini jambo moja lilibaki, na Mpelelezi alilijua. Fomu mbovu ya miaka minne iliyopita ilimpaka Naibu matope, ila haikumsafisha mzee. Naibu angeweza kusema: sawa, vimo nilikisia, lakini miti minene ilikuwepo, na vibati vimehamishwa. Kitendawili kilikuwa kwenye vibati. Kwa hiyo Alhamisi asubuhi alimchukua Mzee Futi, wakaenda Kitalu cha Saba.

Mzee alitembea mbele, mwembamba, mgongo umenyooka. Kila baada ya hatua chache mkono wake uliingia mfukoni, ukakuta hakuna kitu, ukatoka. Majani mapana ya mitiki yaliyokauka yalivunjika chini ya miguu kama sahani.

"Wamenipa barua nyingine jana," alisema bila kugeuka. "Safari hii wameiandika vizuri zaidi. Inasema 'kwa uzee na kutoona vizuri'. Nikisaini tu, napata kiinua mgongo changu chote."

"Umefanyaje?"

"Nikawaonyesha makosa mawili ya tahajia kwa macho haya haya mabovu, nikawarudishia."

Walifika kwenye ploti. Kila shina lilikuwa na pete ya rangi nyeupe kwenye usawa wa kifua, na kiganja kimoja chini yake, kibati kidogo chenye namba. Mpelelezi alipiga magoti mbele ya namba kumi na mbili, akatafuta waya uliokatwa ambao Naibu aliuzungumzia. Alizunguka shina. Akaenda kumi na tatu. Akaenda kumi na nne.

"Baba, waya uko wapi?"

"Waya gani?"

"Unaofungia vibati."

Mzee Futi alimtazama kama aliyesikia mtu akiulizia pembe za kuku. "Waya hapa haujawahi kuwepo, binti yangu. Vitalu vingine vyote, ndiyo, vina waya. Hiki peke yake nilikataa. Tulifunga waya kitalu cha pili, tukausahau, miti ikanenepa, waya ukaikaba. Mitatu ilikufa imekabwa. Nikasema basi, hapa tunagonga misumari. Na si kuizamisha yote. Kanuni yangu ni moja: unagonga kidogo, unaacha sentimita tano nje, kibati kining'inie."

"Kwa nini tano?"

"Ili mti upate mahali pa kunenepea. Mti hausukumi msumari, unaumeza. Kila unavyonenepa, unaumeza kidogo kidogo."

Mpelelezi alikaa chini juu ya majani, pale pale alipokuwa. Kisha alifungua mkoba, akatoa rula ya shule ya binti yake, ya bluu, imeandikwa jina kwa kalamu ya wino.

"Namba kumi na mbili, miaka minane iliyopita, ulipata kipenyo gani?"

"Ishirini nukta sita," Mzee alijibu bila karatasi. Fomu ilisema hivyo hivyo.

"Na leo ishirini na tano. Umeongezeka sentimita nne nukta nne. Kwa upande mmoja..."

"Nusu yake. Mbili nukta mbili."

"Kwa hiyo kama msumari huu umekaa hapa miaka yote minane, nje ungebaki..."

"Mbili nukta nane."

Aliweka rula. Gome lilikuwa limeuzunguka msumari na kuvimba kama mdomo unaonyonya. Ilisoma mbili nukta nane.

"Na kama mtu angekihamisha kibati mwaka jana?"

Mzee Futi alianza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika. "Ungekuwa karibu tano. Msumari mgeni haujaliwa."

"Naibu anaweza kusema uligonga ukaingia ndani."

"Aseme. Pima wa kumi na tatu."

Wa kumi na tatu ulikuwa mti mvivu, umeongezeka sentimita mbili tu. Msumari wake ulikuwa nje sentimita nne. Wa kumi na nne ulikuwa mroho, umeongezeka sita. Nje zilibaki mbili. Walipima ishirini yote, mzee akitaja kipimo cha zamani kwa kichwa, Mpelelezi akisoma rula, na kila mara msumari uliafikiana na mti wake, ukikosea ni kwa milimita moja au mbili. Hakuna nyundo ambayo ingeweza kuijua tabia ya kila mti namna hiyo.

Walipomaliza, Mzee aliegemea namba ishirini. "Binti yangu, nikuulize. Yule mkwe wangu. Mashine yake iliniona mwizi?"

"Hapana, baba. Yeye ndiye wa kwanza kusema hukuiba. Wakamhamishia mlangoni pa choo kwa ajili hiyo."

Mzee alitazama majani chini. "Na mimi nimekuwa naangalia ukuta," alisema.

*

Ijumaa saa nne chumba cha mkutano kilijaa. Mwenyekiti wa bodi, mama wa makamo mwenye kalamu nyekundu, alikaa mwisho wa meza na wajumbe wake wanne. Mzee Futi alipewa kiti karibu na mlango. Alikikataa akasimama.

"Kwanza," Mpelelezi alisema kwa ile sauti yake ndogo, hata wajumbe wakalazimika kuinama mbele, "namwomba Naibu athibitishe maelezo yake. Ukurasa wa tatu. 'Mtuhumiwa alikata waya za vibati, akavifunga kwenye miti mingine.' Ni yako?"

"Ni yangu."

"Na mwaka uliopima, ulizisoma namba za vibati mwenyewe?"

"Mwenyewe, kwa macho yangu. Vilikuwa vimegeuka, nikawa nazungusha waya mmoja mmoja."

"Mmoja mmoja."

"Zote ishirini. Dada yangu, tunapoteza muda wa bodi."

Mpelelezi aliweka picha mezani, akazitandaza moja moja mpaka zikatimia ishirini. Kila picha ilikuwa na kibati, msumari, na rula ya bluu.

"Kitalu cha Saba hakina waya hata mmoja," alisema. "Ni kitalu pekee katika shamba zima chenye misumari. Aliyewahi kufika pale hata mara moja analijua hilo."

Naibu alichukua picha moja, akaiweka, akachukua nyingine.

"Yule mzee kang'oa waya, kapigilia misumari juzi," alisema.

"Msumari wa juzi hauna gome shingoni." Mpelelezi aliwaeleza wajumbe habari ya sentimita tano, taratibu, kama alivyoelezwa yeye kwenye majani makavu, kisha akawapa jedwali la miti ishirini. Mwenyekiti alilikagua kwa kalamu nyekundu, akitoa na kugawanya pembeni. Alipofika wa tisa aliiweka kalamu chini. Mpelelezi akasogeza nakala ya daftari la stoo, yenye muhuri wa Mama Funguo, na fomu ya mita kumi na nane nukta tatu saba.

"Ulipima vimo kwa chombo gani, Naibu?" Mwenyekiti aliuliza.

"Kulikuwa na mvua mwaka ule," Naibu alisema. "Barabara haipitiki. Vitalu arobaini kwa wiki tatu, makao makuu wanapiga simu kila siku..." Alikuwa amejibu swali ambalo halijaulizwa.

"Aliye nje ya mlango aingie," Mpelelezi alisema.

Mtakwimu aliingia na nakala zake sita. Alizigawa bila kupeleka macho kwa baba mkwe wake. "Nukta zilizotawanyika zilipimwa," alisema. "Zilizokaa mstarini zilinakiliwa. Sina la kuongeza."

Mkurugenzi alikohoa. Alivuta kiti nyuma, akaupanga uso wake. "Bodi imesikia. Nadhani sote tunakubali kuna utata. Nashauri faili lifungwe kwa kukosa ushahidi. Mzee wetu arudi kazini Jumatatu, kimya kimya, na Naibu tutazungumza naye ndani. Afande, unaweza kuandika hivyo? Mstari mmoja tu."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ushahidi haujakosekana. Umejaa meza. Nikiandika 'umekosekana', huyu mzee atabaki mwizi asiyekamatika, na mkikadiria miti ya vitalu vingine thelathini na tisa mtatumia namba zile zile za mezani. Nitaandika kwamba hakuna mti ulioibiwa, maana hiyo miti haikuwahi kuwepo popote isipokuwa kwenye fomu. Na nitaandika fomu ya nani."

"Unajua unayemjibu?"

"Namjua. Ndiyo maana namjibu polepole."

Mwenyekiti aliishika tena kalamu nyekundu. "Aandike," alisema. "Na Naibu abaki tunapotoka."

Mzee Futi ndiye aliyetangulia kusogea kutoka pale mlangoni aliposimama. Hakuomba ruhusa. Alikuja mpaka mezani, akaukamata mfuko wa plastiki ulioandikwa KIELELEZO NAMBA MOJA, akauchana, akatoa futi yake. Aliinyoosha kati ya mikono miwili, akaikagua kama mtu anayekagua mtoto aliyerudi kutoka safari.

"Mzee," Mkurugenzi alisema, "hicho bado ni kielelezo. Na nimesema Jumatatu."

"Umesema Jumatatu na kimya kimya. Vyote viwili sivitaki. Kitalu cha Nane hakijapimwa, na leo ni Ijumaa, jua bado liko juu." Aliikunja futi, akaitia mfukoni, na mkono ukakaa hapo ukiwa umetulia. Kisha alimgeukia mkwe wake, akamtazama usoni, mbele ya watu wote. "Mama, kuna mtu wa kuniandikia namba?"

Mtakwimu alishusha pumzi. "Yupo, baba."

Mpelelezi aliwasikia wakishuka ngazi, kwanza hatua, halafu funguo za Mama Funguo zikilia kwa furaha huko chini, halafu sauti ya Mtakwimu ikiuliza kama achukue na bastola.

"Chukua."

"Modeli inasema Kitalu cha Nane tutakuta ishirini na tisa, baba."

"Iambie isubiri," Mzee Futi alisema. "Bado sijafika."